Pawa Stelingi Inapochemka: Gari la Kuunga kwenye Miteremko ya Ufipa

Gari la kiwandani lina mtu aliyekaa akalipigia hesabu: pampu hii kwa boksi hili la stelingi, puli ya kipenyo hiki, matairi ya saizi hii, oili kiasi hiki. Gari la kuunga halina mtu huyo. Chesisi ni ya Land Rover ya zamani, injini ni dizeli ya Kijapani, boksi la stelingi limetoka kwenye pikapu iliyopinduka, na pampu ni ile iliyopatikana siku hiyo kwenye lundo la spea. Kila kimoja kilikuwa kizima huko kilikotoka, ila havijawahi kufanya kazi pamoja. Mahali ambapo ugeni huo hujitokeza mapema ni kwenye oili ya stelingi. Oili inapata joto, inageuka rangi, inaanza kuvuja kwenye sili, na usukani unakuwa mzito palepale dereva anapouhitaji.

Ndipo linapokuja swali la kipozeo, yaani rejeta ndogo au koili ya bomba ya kuipunguzia oili joto kabla haijarudi kwenye kopo lake. Kwa Sumbawanga na Ufipa yote jibu si jepesi, kwa sababu baridi ya huku juu inamfanya mtu adhani kuchemka ni shida ya Dar es Salaam na Dodoma. Maoni yangu ni kwamba gari la kuunga linakihitaji kipozeo kuliko gari la kiwandani, lakini mara nyingi kinafungwa mapema mno, kikafunika kosa ambalo lingerekebishwa kwa spana mbili.

Afrika Mashariki haijaanza jana kuunda magari. Kenya ilizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Shirika la Nyumbu pale Kibaha limekuwa likiunda malori kwa kazi za jeshi na za raia. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilitoa Kiira EV mwaka 2011, na Machi 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha gari lake la umeme jijini Dar es Salaam. Hayo yana wahandisi, michoro na waandishi wa habari. Ninalolizungumzia hapa ni jingine: gari linalozaliwa nyuma ya gereji kwa sababu mwenye nalo ana chesisi ngumu, hana fedha za kununua Land Cruiser, na anataka kuleta mpunga kutoka bonde la Rukwa. Land Rover za Series II na III kwa kawaida zilitoka kiwandani bila pawa. Dereva alizigeuza kwa mabega. Ukiweka injini nzito zaidi mbele na matairi mapana zaidi chini, mabega hayatoshi tena, na pawa inaingia.

Joto linatoka wapi? Wengi husema linatoka kwenye injini. Sehemu yake ni kweli, maana mpira wa stelingi ukipita karibu na ekzosi unaiva. Lakini chanzo kikubwa ni pampu yenyewe. Pampu ya stelingi inazungushwa na mkanda wa injini muda wote, dereva akikata kona au asikate. Francis W. Davis, Mmarekani aliyewahi kuwa mhandisi wa kampuni ya Pierce-Arrow, aliligundua tatizo hilo alipokuwa akiunda pawa ya kwanza iliyofanya kazi barabarani, katikati ya miaka ya 1920. Ujanja wake ulikuwa kuiacha vali wazi usukani unaponyooka, oili izunguke kwa ulaini na kurudi kwenye kopo, na presha ipande pale tu mtu anapozungusha usukani. Watengenezaji wa magari hawakuuharakia. Gari la kwanza la abiria kuuzwa na pawa lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951. Lakini wazo ni lile lile lililomo kwenye Hilux au Hiace yenye pawa ya mafuta.

Sasa tupige hesabu ya juu juu. Tuseme pampu inatoa lita 8 kwa dakika. Gari likienda moja kwa moja, presha ni baa chache tu, na joto linalozaliwa halitishi. Ukisimama, ukazungusha usukani mpaka mwisho na kuendelea kuukaza, presha inapanda hadi vali ya usalama ifunguke. Tuseme inafunguka kwenye baa 80. Gurudumu halisogei, hivyo nguvu yote ile haina kwa kwenda isipokuwa kugeuka joto. Baa 80 kwa lita 8 za dakika ni kama wati 1,070, yaani sawa na pasi ya umeme iliyozamishwa ndani ya lita moja ya oili. Ukiacha kiasi kinachomezwa na chuma cha pampu na cha boksi, oili inapanda zaidi ya nyuzi sita kila sekunde kumi. Dereva anayekaza usukani dakika nzima akijaribu kulitoa gari kwenye tope ameiongezea oili zaidi ya nyuzi 35. Na gari la kuunga huwa na oili kidogo, kwa kuwa kopo limetoka kwenye gari dogo.

Sili nyingi za pawa ni za mpira wa naitraili. Mpira huo ukiishi muda mrefu juu ya nyuzi 100 au 120 unakakamaa, unapasuka, na kuanza kuvujisha. Oili nayo huzeeka haraka. Kanuni ya mafundi wa mafuta ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kuoza kwa oili kunakaribia kwenda mara mbili ya mwanzo. Kwa hiyo nyuzi 20 za ziada ambazo dereva hazisikii mkononi zinaweza kuifanya oili ya miaka minne iishe kwa mwaka mmoja.

Na Ufipa je? Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki kuna bonde na Ziwa Rukwa, magharibi kuna Ziwa Tanganyika, yote mawili yakiwa karibu na mita 800. Kutoka uwanda wa juu kwenda kwenye ziwa lolote unashuka takriban kilomita moja kwenda chini. Asubuhi za Juni na Julai mjini ni za koti zito. Huko chini bondeni, Muze na Ilemba, mchana ni jasho.

Baridi hiyo ya juu ina udanganyifu wake. Kwanza, hewa ya mita 1,800 ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 16, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Baridi inakupa kwa mkono mmoja, wepesi wa hewa unakunyang'anya kwa mwingine, ingawa sikatai kwamba baridi bado inatoa zaidi. Pili, na hili ndilo kubwa, mtu anayelijaribia gari lake kwenye lami ya Sumbawanga kwenda Laela na Tunduma hatapata jibu la kweli. Barabara ile, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, imenyooka, upepo unapiga mbele ya gari kilomita 80 kwa saa, na usukani haufanyi kazi ya maana. Hata mfumo mbovu utaonekana mzima.

Jaribio la kweli liko kwenye ukingo wa bonde, kwenye barabara kama ya Ntendo kwenda Muze au ya Kalambazite kwenda Ilemba. Watu wanauogopa mteremko, na kwa breki wana haki. Kwa stelingi, mimi naogopa kupanda. Kushuka kwa gia ndogo kunaipigisha pampu mizunguko mingi, kona ni kali, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo haupo. Hata hivyo injini wakati huo haichomi mafuta mengi, na chumba chake hakijawa tanuri. Wakati wa kurudi gari limejaa magunia ya mpunga, gia ya kwanza na ya pili, injini inavuta kwa nguvu zake zote, ekzosi ina joto kali, na feni inasukuma hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta moja kwa moja juu ya boksi la stelingi na mipira yake. Kila kona dereva anakata kwa uzito wote ulioko mbele. Oili inapata joto la ndani na la nje kwa pamoja. Gari likifika juu, Ntendo kuna ubaridi, dereva anasimama kunywa chai, na anaposhuka kutazama anakuta tone jekundu chini ya gari. Anailaumu baridi kwamba imekaza mipira.

Tone hilo linahitaji uchunguzi kabla ya kufikiria kipozeo. Fungua kopo la oili ya stelingi injini ikiwa imepoa, chovya kitambaa cheupe, ukisogeze juani. Oili nzima ya aina ya ATF, yaani ile ya gia boksi ya otomatiki, ni nyekundu na angavu. Iliyoungua ni ya kahawia, inanuka kama karanga zilizopitiliza. Iliyojaa povu jepesi ina hewa, ikimaanisha mpira wa kunyonya una ufa au kibano kimelegea. Na ukiona vumbi la fedha likimetameta kwenye uzi wa kitambaa, mapanga ya pampu yanakwanguana, na hakuna kipozeo duniani kitakachoyarudisha.

Nimeshaona kopo lililoongezewa mafuta ya breki kwa sababu yalikuwa karibu. Mafuta ya breki ya kawaida ni ya glaikoli, na sili za stelingi zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini. Zinavimba, zinalainika, zinaanza kuvuja ndani ya wiki chache, na lawama zinaangukia joto. Oili ya injini nayo haina dhambi kubwa kiasi hicho, lakini asubuhi za huku inakuwa nzito mno, pampu inalia hadi gari lipate moto. Yapo pia magari ya Ulaya yanayotaka oili ya kijani isiyochanganywa na ATF. Anayechukua pampu kutoka kwenye gari la namna hiyo aulize kwanza lilikuwa likitumia nini.

Kisha puli. Hapa ndipo gari la kuunga linapojiumiza lenyewe bila mtu kugundua. Pampu iliyotoka kwenye injini ya dizeli inayokwenda polepole, ikifungwa kwenye injini ya petroli inayozunguka haraka kwa puli ile ile, inapigishwa mizunguko ambayo haikuumbiwa. Pampu ya lori, ikilishwa kwenye boksi la gari dogo, inatoa oili nyingi kuliko inavyohitajika. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, na ile ya ziada inazungushwa ndani ya pampu bure, ikizaa joto. Kubadilisha puli kwa iliyo kubwa kidogo huondoa joto kutoka kwenye chanzo chake. Nipewe nichague kati ya puli sahihi na kipozeo kizuri, nachukua puli.

Zipo pia boliti mbili ndogo kwenye nako za mbele, zinazozuia gurudumu lisigeuke kupita kiasi. Magari mengi ya kuunga yanazikosa au yamezifungua mpaka mwisho ili gari likate kona ndogo zaidi. Matokeo yake ni kwamba boksi la stelingi ndilo linalogota kabla ya gurudumu, na kila kona ya mwisho inakuwa kona ya vali ya usalama. Zirudishe boliti hizo, na umfundishe dereva kuachia usukani unywele mmoja anapofika mwisho. Haigharimu kitu.

Hayo yote yakifanyika na oili bado ikaungua, hapo kipozeo kimefika zamu yake. Magari mengi ya kiwandani yenye pawa ya mafuta yana kipozeo tayari, isipokuwa hakitambuliki kwa sababu ni bomba tupu lililokunjwa mara moja au mbili mbele ya rejeta. Watu wanalitupa wanapong'oa mfumo, wakidhani ni bomba lililozidi urefu. Kwa gari la Sumbawanga, bomba hilo ndilo ningelianzia. Ni chuma, halina mapezi ya kujaa makapi ya mahindi, na likigongwa na jiwe linapinda lakini halitoboki kirahisi.

Uwezo wake usikuzwe. Mita mbili za bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 10, kwenye upepo wa gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, oili ikiwa imeizidi hewa kwa nyuzi 60, litaondoa labda wati 200. Ukilinganisha na zile 1,070 za usukani uliokazwa, utaona kwamba kipozeo hakiwezi kumshinda dereva anayeng'ang'ania kona. Kazi yake ni kuipoza oili kati ya kona na kona, ili kila kona mpya ianze kwenye nyuzi 80, isianze kwenye 110. Anayetaka zaidi atafute kipozeo cha gia boksi ya otomatiki kutoka kwenye gari la Kijapani lililokatwa. Kina mapezi, matundu yake yana upana wa kutosha, na kinastahimili presha ya upande wa kurudi. Ila gia boksi nyingi za otomatiki hufa zikiwa zimejaa unga wa chuma, na unga huo hubaki ndani ya kipozeo. Kisipooshwa kwa dizeli na kupulizwa kwa kompresa kinyumenyume mpaka kitoke safi, utakuwa umeinunulia pampu yako msasa.

Kondensa ya friji isahaulike. Bomba lake ni jembamba, linazuia oili kurudi, na shaba ikitikiswa barabara ya changarawe inapasuka kwenye viungo. Rejeta ya hita ya gari nayo ni nyembamba kwa kuta, na viungo vyake vya plastiki havikuzaliwa kwa oili.

Kuhusu mahali pa kukiweka: mbele ya rejeta kubwa, si nyuma yake, na kama feni inaendeshwa na injini ni bora zaidi, kwa kuwa inavuta hewa hata gari likipanda kwa mwendo wa mtembea kwa miguu. Wafipa wa zamani wangelielewa hili bila kuelezwa. Malungu, yale matanuri marefu ya kuyeyushia chuma ambayo mabaki yake bado yanasimama sehemu mbalimbali za Ufipa, hayakuwa na mifuo. Urefu wa tanuri ndio ulioivuta hewa kupitia matundu ya chini. Mifuo ilitumika baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia lililoitwa kintengwe. Waliojua kuiongoza hewa bila kuipuliza wasingefunga kipozeo pembeni ya tairi, mahali pasipo na upepo wala mvuto, kama ninavyokiona kwenye magari kadhaa.

Ufungaji wenyewe una kanuni moja isiyo na mjadala: kata mpira wa kurudishia, usiuguse mpira wa presha. Mpira wa presha una vichwa vya chuma vilivyobanwa kiwandani, unatoka kwenye pampu na kuingia kwenye boksi, na ndani yake baa 80 ni jambo la kawaida. Kibano cha skurubu hakiwezi kuishika presha hiyo. Mpira wa kurudishia unatoka kwenye boksi kwenda kwenye kopo, na kwa kawaida umebanwa kwa klipu nyepesi. Kama huna uhakika, fuata kwa mkono mpira unaoingia kwenye kopo kutoka kwenye boksi.

Weka beseni chini, legeza klipu, uache oili imwagike yote. Usiirudishe. Ncha za bomba lako zitanuliwe kidogo ziwe na ukingo, maana mpira uliovishwa kwenye bomba laini huchomoka ukilainika kwa joto. Mpira uwe wa mafuta, ulioandikwa hivyo ubavuni. Mpira wa maji ya rejeta umetengenezwa kwa maji na kulanti, ukikutana na oili unavimba na kuwa kama ulimi. Upitishe mbali na ekzosi. Hili si la urembo: oili ya stelingi ikimwagikia chuma chenye joto kali inaweza kuwaka, na moto wa kwenye mteremko wa Muze hauna zimamoto wa kukimbilia. Bomba lenyewe lifungwe kwa vipande vya mpira kati yake na chesisi, lisitetemeke chuma kwa chuma.

Kutoa hewa ndiko kunakoharakishwa kuliko yote. Inua mbele kwa jeki mpaka magurudumu yaache ardhi, weka vizuizi, jaza kopo, na injini ikiwa imezimwa zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tena na tena, mtu mwingine akitazama kopo. Mapovu yatapanda, kiwango kitashuka, ongeza. Yakiisha, washa injini na urudie kwa upole bila kukaza mwisho. Ukisikia pampu inalia kama nyuki kwenye kopo, bado kuna hewa. Zima, subiri oili itulie, anza tena. Kichujio kidogo cha sumaku kwenye njia ya kurudi ni nyongeza ninayoipenda kwa gari la kuunga, kwa kuwa hujui pampu ile ilikoishi.

Wako wanaosema hayo yote yamepitwa na wakati, kwamba gari liwekewe stelingi ya umeme iliyong'olewa kwenye gari dogo kama IST na oili isahauliwe. Kwa gari jepesi la mjini wana hoja, na ningewasikiliza. Kwa ekseli nzito yenye dizeli juu yake na magunia nyuma, mota ile ndogo itaelemewa, na ikizidiwa hupunguza msaada au hujizima ili kujilinda, hata katikati ya kona. Pawa ya mafuta ikikosa oili usukani unakuwa mzito lakini, kama ule wa umeme, unaendelea kugeuza magurudumu, na kwa muda dereva mwenye misuli anaweza kulileta gari nyumbani.

Kabla ya kununua chochote, azima kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, kilichojaa kila ofisi wakati wa Uviko, ila uhakikishe ni cha kupimia vyuma, kwa kuwa cha kupimia watu hakifiki nyuzi 50. Shuka Muze, pakia mzigo wako wa kawaida, panda. Ukifika Ntendo, kabla ya chai na kabla ya kuzima injini, fungua boneti uelekeze kwenye mpira wa kurudishia, karibu na kopo. Uso wa mpira husoma chini kidogo ya oili yenyewe, kwa hiyo ongeza nyuzi chache. Ikisoma chini ya 90, weka fedha zako kwenye matairi. Kati ya 90 na 110, rudi kwenye puli na zile boliti za nako, upime tena safari inayofuata. Ikipita 110 na puli ni sahihi, kunja bomba.